Fasi, Rangi na Kishindo: Historia Fupi ya Umakini wa Macho

Tuanze na jambo tunalolijua wote. Umeshuka Rond-point du 30 Juin, pale Beni, unamtafuta rafiki. Anakuambia kwa simu: "Niko upande wa kushoto, navaa jezi ya manjano." Amekupa habari mbili: fasi na rangi. Mbele yako kuna watu wengi, lakini wewe unampata huyo mmoja. Sasa, fasi na rangi vinakutana wapi ndani ya kichwa? Kulijibu swali hilo kumechukua zaidi ya miaka mia moja.

Katika karne ya 19, Mjerumani Hermann von Helmholtz alikaa gizani mbele ya herufi nyingi, kisha akawasha cheche ya umeme ya muda mfupi sana, hata jicho halikupata nafasi ya kusogea. Kabla ya cheche, aliamua moyoni atazingatia upande gani. Kumbe herufi za upande ule aliweza kuzitambua, ingawa jicho lilikuwa limeelekea kwingine. Kwa hiyo umakini si jicho. Una njia yake.

Njia hiyo ilianza kujulikana kupitia majeraha. Mwaka 1909, daktari Rezső Bálint wa Hungaria alieleza habari za mgonjwa aliyeharibika ubongo sehemu ya juu nyuma, pande zote mbili: macho mazima, lakini aliona kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1918, daktari Gordon Holmes aliandika juu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliopigwa risasi kichwani. Waliona kitu, lakini hawakujua kiko wapi. Elimu hii ililipwa kwa damu ya vita, na sisi watu wa Kivu tunaijua bei hiyo.

Baadaye kazi ikahamia maabara. Mwaka 1985, Jeffrey Moran na Robert Desimone walipima seli mojamoja katika koteksi ya nyani, yaani gamba la nje la ubongo, kwenye eneo la kuona linaloitwa V4. Waliweka vitu viwili ndani ya sehemu ambayo seli moja inaichunga. Nyani alipozingatia kimoja, seli ilijibu kana kwamba cha pili karibu hakipo. Huo ni umakini wa fasi.

Na rangi je? Mwaka 1999, Stefan Treue na Julio Martínez-Trujillo walionyesha kwamba nyani akizingatia mwendo wa kuelekea upande fulani, seli zinazopenda mwendo huo zinaongeza nguvu, hata zile zinazochunga fasi nyingine kabisa. Ndiyo maana ukitafuta manjano, kila manjano inajitokeza, hata ndoo ya muuzaji.

Mwaka 2009, Benjamin Hayden na Jack Gallant walipima aina zote mbili kwa pamoja katika V4. Walikuta kwamba kila moja inakuja kwa njia yake, lakini zote zinafika kwenye seli ileile, na nguvu zao zinajumlishwa, pamoja na nyongeza ndogo juu yake. Fasi haifuti rangi, wala rangi haifuti fasi. Hapo ndipo rafiki wa jezi ya manjano anapopatikana.

Lakini Fuso inayotoka Kasindi ikitokea ghafla mbele yako, rafiki unamsahau. Mwaka 2002, Maurizio Corbetta na Gordon Shulman walieleza mitandao miwili: mmoja unafuata lengo letu, mwingine, zaidi upande wa kulia wa ubongo, unalikatiza kukiwa na kishindo.

Mambo haya yanatugusa nyumbani. Mtu akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, anaweza kula nusu ya sahani na kuacha bugali yote ya kushoto. Jamaa watasema karogwa, au ana kiburi. Hapana. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Kilichoharibika ni umakini. Apelekwe hospitali.

Na tangu Oktoba 2014, watu wa Beni wanaishi na mauaji. Mwanafunzi anayeinua kichwa kila motari akikata kona, tusimwite mvivu. Ubongo wake unalinda uhai, ila unamwibia ukurasa. Usalama hatuwezi kumpa kwa maandishi. Tunachoweza ni kumtafutia fasi tulivu, na kumwambia aandike swali moja analolitafuta kabla ya kufungua kitabu. Fasi na lengo: nguvu mbili zinazojumlishwa, ili kishindo kisishinde kila mara.