Sindano Iliyoruka

Ukibahatika kushika nakala ya zamani ya Led Zeppelin II, usianze na jaketi. Toa santuri yenyewe, iinamishe kwenye mwanga, usome ile sehemu laini isiyo na muziki, kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Ukiona herufi RL zimekwaruzwa kwa mkono, na SS karibu yake, irudishe polepole kwenye jaketi na umuulize muuzaji bei kama mtu asiyejali sana. Huko Marekani watu hulipa mamia ya dola kwa herufi hizo nne, na kwa nakala safi hata kupita elfu.

SS ni Sterling Sound, studio ya New York. RL ni Robert Ludwig, fundi aliyechonga santuri hiyo mwaka 1969 akiwa na miaka 24. Baadaye alikuja kuwa jina kubwa katika kazi hiyo (Random Access Memories ya Daft Punk, ile ya 2013, ilipita mikononi mwake) na akastaafu mwaka 2023. Lakini wazee wa santuri wakitaja RL, wanamaanisha kijana yule wa 1969.

Albamu yenyewe ilitengenezwa mbio mbio. Bendi ilikuwa kwenye ziara, ikirekodi kipande London, kingine Los Angeles, kingine New York au Vancouver, kulingana na mahali basi au ndege ilipowashusha. Mwishowe Jimmy Page na Eddie Kramer, fundi mzaliwa wa Cape Town aliyekuwa akifanya kazi na Jimi Hendrix, walijifungia New York wikendi moja wakaichanganya yote. Ndiyo maana ina haraka ndani yake. Kwenye Whole Lotta Love kuna mahali unasikia sauti ya Robert Plant ikija kwa mbali kabla Plant mwenyewe hajaimba. Ilikuwa kasoro: sauti moja ilivuja kwenye utepe na haikufutika. Kramer na Page wakaimwagia mwangwi, kasoro ikawa pambo. Hakuna rimasta iliyothubutu kuisafisha, na nadhani ingesafishwa mashabiki wangeandamana.

Kisha utepe ukafika kwa Ludwig, na hapa inabidi tuelewe kazi ya kuchonga, manake kila kitu kinategemea hapo.

Muziki kwenye santuri ni mfuo, ule mtaro mwembamba unaozunguka kuelekea katikati. Sauti nyembamba huufanya mfuo utetemeke kidogo. Besi huufanya uyumbe huku na huku kama matatu inayokwepa mashimo. Besi ikizidi, mfuo unapanuka, nafasi inaisha upesi, na sindano inapata kazi ngumu ya kufuata kona. Kwa hivyo fundi hupunguza besi anapochonga, halafu ampli yako nyumbani inairudisha. Kiwango cha kupunguza na kurudisha kilikubaliwa na kampuni za Marekani miaka ya 1950. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni uamuzi wa sauti iwe kubwa kiasi gani, besi iachwe kiasi gani, na sindano ya nani ndiyo atakayoifikiria.

Ludwig aliifikiria sindano nzuri. Aliichonga kwa nguvu, ngoma za John Bonham zikiwa na uzito wake wote, besi ya John Paul Jones ikitembea kama mtu aliyevaa gumboots ndani ya nyumba. Halafu, kwa hadithi inayosimuliwa kila mahali na ambayo Ludwig mwenyewe ameirudia, nakala moja ikapelekwa nyumbani kwa bosi wa Atlantic, kampuni iliyotoa albamu. Binti ya bosi akaiweka kwenye playa yake ya bei rahisi. Sindano ikaruka. Kampuni ikashtuka: tukipeleka hii madukani, zitarudishwa zote! Ikaamuru santuri ichongwe upya, besi ikapunguzwa, sauti ikabanwa. Hizo ndizo zilizouzwa kwa mamilioni, albamu ikifika namba moja Marekani na kuiondoa Abbey Road ya Beatles.

Bosi anayetajwa mara nyingi ni Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic, mtoto wa balozi wa Uturuki. Shida ni moja tu: Ertegun hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 2006 aliacha mke na dada. Huenda alikuwa binti wa mkubwa mwingine hapo ofisini. Huenda mtu fulani tu aliruka na sindano, na miaka ikampa ubini. Kinachothibitika ni santuri zenyewe: za RL zipo, zilizofuata zipo, na ukizilinganisha tofauti ya besi haihitaji masikio ya popo.

Mimi hadithi hii inaniudhi kidogo, hasa namna inavyosimuliwa. Kila mara kuna msichana, kuna playa ya bei rahisi, na kuna fundi kijana aliyenyimwa haki yake. Eti sauti bora ya roki iliharibiwa na mtoto asiye na vifaa. Lakini mwaka 1969 albamu ya namna hii ilinunuliwa na nani? Na vijana. Wanafunzi. Watu wenye playa ndogo yenye spika ndani ya sanduku, mkono mzito, sindano ngumu isiyonyumbulika. Yule binti, kama alikuwepo, ndiye aliyekuwa soko. Na playa yake bado inauzwa leo, imepakwa tu rangi ya waridi na kuongezwa Bluetooth. Ninayo moja, nimeinunua mtumba, na nikiweka kitu chenye besi nzito inacheza kama mtu anayevuka Thika Road bila kutumia daraja.

Basi tunapoletewa rimasta na kuambiwa kwamba hii sasa ndiyo sauti ya kweli, swali langu la kwanza ni: imechongwa kwa ajili ya playa ya nani?

Mwaka 1990 Page alikaa na George Marino, palepale Sterling Sound, wakaiandaa upya katalogi ya bendi kwa ajili ya CD. Mwaka 2014 akairudia tena, safari hii na John Davis wa London. Utepe wa zamani ulihamishwa hadi faili za kidijitali za ubora wa juu, zikasawazishwa, na kutoka hapo zikachongwa santuri mpya. Hiyo ndiyo nakala utakayoipata ukiagiza leo. Ukijumlisha usafiri na ushuru, inakaribia kodi ya bedsita mtaani kwangu, kwa hivyo hukumu yake si mchezo.

Niliisikiliza kwa rafiki mwenye vifaa vya maana: playa nzito, ampli ya zamani, spika zinazofika kiunoni. Ni santuri nzuri. Ni tulivu, haina mchakacho, na besi kwenye Ramble On inafuatika noti kwa noti, jambo ambalo nakala nyingi za miaka ya 70 hazikupi. Matoazi hayachomi sikio. Pale katikati ya Whole Lotta Love, ambapo sauti zinahama kutoka spika hii kwenda ile, unajua kila kitu kiko wapi chumbani. Ninachokikosa ni ule ukorofi. Moby Dick ni wimbo wa ngoma, na ngoma za 2014 zina adabu. Unaziona vizuri lakini hazikusukumi.

RL nimeisikia pia, ila kama faili ambayo mtu aliirekodi kutoka kwenye santuri yake, yaani nimehukumu santuri kwa kusikiliza kitu kisicho santuri. Hata hivyo ukorofi ule ulikuwepo. Jambo la kuangalia ni kwamba RL pia ina sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa kabla halijajua kwa nini. Tulipopunguza sauti ya RL hadi zikalingana, pengo lilipungua karibu nusu. Kwenye ngoma lilibaki. Kwenye gitaa, kusema kweli, nilianza kuipenda ya 2014. Yeyote anayelinganisha nakala mbili bila kusawazisha sauti kwanza anakupigia siasa.

Na kuna wale watakaokataa ya 2014 kabla ya kuisikia kwa sababu imepitia dijitali. Hao mwaka 2022 uliwafundisha adabu. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayouza santuri za bei ya juu kwa watu wenye masikio ya dhahabu, ilibainika kuwa ilikuwa imepitisha nyingi kati ya kazi zake kwenye hatua ya kidijitali kwa miaka, huku wateja wakiamini ni utepe mtupu mpaka mwisho. Kesi ikafunguliwa, kampuni ikakubali fidia inayofikia dola milioni 25. Wateja walikuwa na haki ya kukasirika, walifichwa. Lakini kwa miaka yote hiyo walikuwa wakizisifu santuri zilezile, wakieleza kwa kirefu joto la utepe lilivyojaa chumba, na hakuna sikio lililosema ngoja kwanza.

Nilipochukua ile ya 2014 na kuiweka kwenye kisanduku changu nyumbani, haikuruka hata mara moja, upande wa kwanza wala wa pili. Mtu aliyeichonga alinikumbuka, au alikumbuka watu kama mimi. Kwa playa hiyo sina haja ya RL, ingeruka kwenye wimbo wa kwanza na kuchubuka bure. Ukiwa na vifaa kama vya rafiki yangu hesabu ni nyingine, na hata hapo tafuta kwanza mtu mwenye RL akuwekee Moby Dick, ushike kidhibiti cha sauti mwenyewe, kisha mjadili bei.