Mizizi ya mikoko

Mikoko ni jina la jumla la miti inayoota kwenye matope ya pwani, mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Vitabu vya shule huutaja mzizi kwa kazi mbili: kunyonya maji na madini, na kuushikilia mti ardhini. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu mzizi nao ni kiungo hai na seli zake zinahitaji oksijeni. Shambani hewa hupenya katikati ya chembe za udongo, hivyo hitaji hilo halionekani. Kwenye tope la mikoko oksijeni hwisha sentimita chache tu kutoka juu, na ukilitifua hutoa harufu ya yai viza, kazi ya bakteria wanaoishi bila hewa. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba umbo la mzizi hufuata kwanza kile kinachokosekana mahali mti ulipoota.

Kati ya miti hiyo, mchu hutandaza mizizi mirefu chini ya tope, na juu yake huchomoza vijiti vyembamba vilivyosimama wima. Vya mlilana ni vinene chini, vimechongoka juu. Mzizi wa muia hupanda juu, ukajikunja mithili ya goti, kisha ukazama tena. Mkoko wenyewe, ule wa boriti, hushusha kutoka shinani mizizi iliyopinda kama matao. Gome la mizizi hiyo, likitazamwa kwa karibu, lina vidoa hafifu: ni vitundu vya hewa, navyo vimeungana na tishu laini ya ndani iliyojaa nafasi wazi. Maji yanapojaa, mzizi hutumia oksijeni iliyomo na msukumo wa hewa ndani hupungua. Yanapopwa, hewa mpya hufyonzwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba matao ya mkoko ni mihimili tu ya kukabili mawimbi. Kuhimili yanahimili, lakini mwaka 1955 mtafiti P. F. Scholander na wenzake walionyesha kwamba vitundu hivyo vikizibwa kwa grisi, oksijeni ndani ya mizizi iliyozama topeni hushuka sana. Mhimili mtupu usingedhurika kwa grisi. Hoja nzito zaidi dhidi ya maelezo haya ya hewa ni ya chumvi: mizizi ya mkoko huchuja karibu chumvi yote, ilhali mchu huruhusu nyingi zaidi ipite, kisha huitoa kupitia majani. Hata hivyo, uchujaji hufanyika ndani ya tishu. Hauelezi vijiti, magoti wala matao. Mvua za El Niño za 1997–98 zilipoleta mashapo mengi katika hori la Mwache, Mombasa, mikoko mingi ilikufa, ingawa mafuriko hupunguza chumvi badala ya kuiongeza. Kilichofukiwa ni njia ya hewa. Anayemwaga kifusi ufukweni, au anayelima mteremko wa mto unaoishia horini, ajue kwamba anaweza kuua mkoko bila kuugusa kwa shoka.