Kwa Nini Misali Haina Hoteli



Mwezi uliopita nilivuka kwenda Pemba kupeleka mzigo wa mapazia na mashuka. Mteja wangu ni familia yenye nyumba ndogo ya wageni upande wa Chake Chake. Vyumba sita tu, na wageni wao wengi ni wazamiaji. Baba ni nahodha, mama yuko jikoni, na kijana wao mkubwa ndiye anayewaongoza wageni chini ya maji. Walinikaribisha nilale siku mbili, na siku ya pili wakanipakia kwenye boti yao kwenda kisiwa cha Misali.

Wageni walipokuwa wakijiandaa, mimi fundi sikuweza kujizuia. Nilichukua nguo moja ya mpira ya kuzamia nikaigeuza ndani nje. Sindano haikutoboza mpaka upande wa pili, ili maji yasipate tundu la kupita. Mashaallah, mshono ule una akili!

Walipozama, nilibaki ufukweni na mama mwenye nyumba, tumetandika khanga. Mchanga mweupe, na maji unayaona mpaka chini kwenye matumbawe. Hapo akili ya biashara ikaniamka. Hapa ikisimama hoteli ya vyumba hamsini, ni mapazia mangapi hayo? Nikamuuliza, "Mama, mbona hamjajenga hapa?"

Akacheka. "Mwanangu, mtu hajengi juu ya msala."

Huko ndiko hadithi inakoanzia. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhr aliwatokea wavuvi hapa, akawaomba msala aswali. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, ndio msala wake, akaswali. Watu wanasema jina la Misali limetoka hapo. Mja mwema aliyekutana na Nabii Musa kwenye makutano ya bahari mbili, katika Suratul Kahf, wanazuoni wengi wanasema ndiye huyo Khidhr. Na jina lake lina asili moja na neno la Kiarabu la rangi ya kijani. Waarabu nao waliiita Pemba Al-Jazira Al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani.

Lakini msala huo haukuwa mtupu. Kwa miaka mingi wavuvi wa Pemba wamekuwa wakipiga dago Misali, wanakaa siku kadhaa, wanavua, wanakausha samaki, wanarudi kwao. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita moja ya mraba, lakini matumbawe yanayokizunguka yamelisha nyumba nyingi.

Katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilianza kuwafungulia milango wawekezaji wa nje. Fukwe za Unguja zikaanza kujaa hoteli. Miaka ya 1990 mwanzoni, zamu ya Misali ikafika, ukaja mpango wa kukikodisha kisiwa kijengwe hoteli. Wavuvi wakapinga. Hoteli ya kifahari haitaki harufu ya ng'onda mbele ya wageni wake, na dago lingeondoka. Wakapata watu wa mazingira wa kuwaunga mkono, mpango ukafa, na mwaka 1998 Serikali ikatangaza Misali kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi wakaachiwa waendelee kuvua, isipokuwa sehemu moja ya upande wa magharibi, ambako hairuhusiwi kuvua kabisa. Huko ndiko wazamiaji wanakopenda kwenda.

Mwaka huohuo wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kubwa, na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Kwa hiyo hifadhi ilizaliwa siku ngumu. Tena sheria ya karatasi haimfikii mtu aliye peke yake baharini usiku na juya, au na baruti. Ndipo masheikh wakaombwa kusaidia. Wakafundisha misikitini na madrasa kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba Mwenyezi Mungu ameumba vitu kwa mizani, na kwamba israfu ni haramu hata katika samaki. Mvuvi ambaye hakumjali afisa wa Serikali alikuwa anaijua khutba. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa, sehemu kubwa ya bahari ya magharibi ya Pemba ikaingia ndani yake.

Nilimuuliza mama kama hajuti. Hakunificha. Mkwe wake amekwenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli, kwa sababu Pemba kazi hizo ni chache. Na wapo bado wanaovua kwa njia mbaya. "Lakini hoteli ingejengwa hapa," akasema, "wageni wangelala kwake, wangekula kwake, wangezama na boti zake. Mimi ningekuwa nakufulia shuka zako kwa mshahara."

Nikanyamaza. Mimi niliyekuwa nahesabu mapazia hamsini, nilikuwa nimesahau kwamba mwenye vyumba hamsini haniagizii mimi. Ananunua kwa kontena kutoka nje. Anayeniagizia ni mama huyu wa vyumba sita, na vyumba vyake vinajaa kwa sababu kuna wavuvi waliosema hapana, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita.

Adhuhuri ilipoingia, wazamiaji walikuwa bado chini. Tukatia udhu, mama akatandika khanga yake mbele ya yangu, tukaelekea kaskazini tukaswali. Nilikuja na msala wangu kwenye mkoba. Sikuutoa.

Mkienda Pemba, dada zangu, ulizeni nyumba mnayolala ni ya nani. Tuonane tena, inshaallah.