Mountain View: Mji uliouza ufundi, ukabaki na muziki wake

Katika milima ya Ozark, kaskazini mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, umo mji mdogo wa Mountain View, wenye wakazi wapatao 3,000. Mwezi Aprili mwaka 1963, majira ya machipuko, mji huo ulianza tamasha lake la sanaa za jadi.

Chanzo kilikuwa ukata. Mashamba ya milimani yalitoa mazao haba, na vijana walihamia miji mikubwa kutafuta ajira. Mafundi wa kufuma, kuchonga na kufinyanga walihitaji soko.

Upande wa muziki aliongoza Jimmy Driftwood, mwalimu aliyetunga nyimbo ili kuwafundisha wanafunzi historia. Wimbo wake kuhusu vita vya New Orleans, ulioimbwa na Johnny Horton, ulivuma Marekani nzima mwaka 1959. Driftwood aliwakusanya majirani waliopiga fidla na banjo, ala ambayo asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani huko Amerika.

Gharama ya umaarufu

Wageni waliongezeka hata mji ukaelemewa. Likazuka swali: muziki wa nyumbani ukishauzwa, utakuwa wa nani?

Mwaka 1973 kilifunguliwa kituo cha Ozark Folk Center, kilichojengwa kwa fedha za serikali, na mafundi wakapata karakana za kudumu.

Hata hivyo, wenyeji hawakuuhama uwanja wa mahakama. Jioni za joto wangali wakikutana hapo, kila mmoja na kiti chake, wakipiga muziki bila kiingilio.