Simba alibaki, Wanyika wakahama

Mwanafunzi akiandika 'Simba Wanyika' kwenye insha, mwalimu atapiga mstari mwekundu. Atasema 'wa' ni a-unganifu, itengwe na 'nyika'. Kisarufi hakosei. Lakini jina hilo lilichapishwa kwenye santuri kwa miaka mingi, na muungano wa maneno hayo mawili una historia yake: historia ya gitaa lililohama mji baada ya mji.

Mwenye gitaa ni Wilson Peter Kinyonga wa Tanga. Mnamo 1966 yeye na nduguye George walijiunga na Jamhuri Jazz Band, papo hapo kwao. Tanga ya siku hizo haikuwa na mchezo kimuziki. Atomic Jazz nayo ilikuwepo, na mashabiki ni wale wale. Hapo ndipo kijana alipofundwa rumba yenye asili ya Kuba: gitaa la solo limjibu mwimbaji, la ridhimu lishikilie mwendo bila kuyumba. Mnamo 1970 wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, ndugu yao William akiwemo. Mwaka mmoja tu baadaye wakavuka mpaka hadi Mombasa, na Arusha Jazz ikawa Simba Wanyika.

Baadaye walihamia Nairobi, na huko mambo yalikuwa mengine. Bendi za Kikongo zilikuwa zimetamalaki kumbini, benga nayo ikivuma kwenye santuri. Wilson angeweza kuiga huku au huku. Badala yake aliuweka mwendo wa Tanga mbele, maneno yasikike moja moja, kisha akayaachilia magitaa yachangamke mwishoni kama ya Wakongo. Santuri ndogo ya pande mbili iliufaa sana mpangilio huo: upande wa kwanza kisa, wa pili magitaa. (Ukoo wenyewe ni Kinyonga, lakini huyu hakubadilisha rangi hovyo.) Na kwa maoni yangu, wakazi wengi wa Nairobi walikipata Kiswahili safi kwenye nyimbo hizo kabla ya kukipata kitabuni.

Sasa turudi kwenye jina. Mnamo 1978 bendi ilipasuka. Omar Shabani, aliyeitwa 'Profesa', mpigaji wa gitaa la ridhimu, aliondoka na wenzake, akiwemo Tom Malanga wa besi. Msolo akiondokewa na ridhimu na besi kwa mpigo mmoja, hana bendi tena. Ana gitaa tu. Waliohama walijiita Les Wanyika, wakajiunga na John Ngereza, na 'Sina Makosa' ikawapa umaarufu ambao bendi mama iliuonea gere, nadhani.

Tazama walichokichukua. Simba walimwacha. Walibeba 'Wanyika', wakakitanguliza kibainishi cha wingi cha Kifaransa kilichoingia mjini na bendi za Kikongo. Hapo 'wa' ilikoma kuwa a-unganifu, ikawa ile ya ngeli ya A-WA: Wanyika, yaani watu wa nyika. Lakini jina hilo lilikuwa na kovu. Waswahili wa mwambao waliwaita hivyo Wamijikenda, tena kwa kuwadunisha. Jijini Nairobi maana hiyo haikusikika. Mnyika alikuwa mwanamuziki kutoka Tanzania mwenye gitaa tamu.

Miaka ya 1980 Issa Juma, mwimbaji aliyepitia Les Wanyika, akaja na Super Wanyika Stars. Jambo la kushangaza ni kuwa George, ndugu wa damu wa Wilson, alipounda kundi lake aliliita Orchestra Jobiso. Asiyekuwa wa ukoo ndiye aliyeliona jina kuwa mali. Wa ukoo alilipita.

Wilson aliendelea na simba wake, akajaza upya nafasi zilizoachwa wazi. Walifika hata Uholanzi, na albamu ya 'Pepea' ikatoka mnamo 1992. Desemba mwaka huo George akafariki. Simba Wanyika ilivunjika mnamo 1994, na Wilson akafuata mnamo 1995. Les Wanyika walikuwa bado wanapiga.