Dawa Isipoonyesha Nafuu: Mafunzo ya Waliotutangulia



Miongoni mwa mitihani mizito inayoweza kumfika mja na watu wa nyumba yake ni yale maradhi ambayo madaktari wa leo huyaita baipola. Mwenye maradhi haya hupanda: halali usiku, husema kwa haraka, hutumia mali bila ya hesabu, na hujiona hana wa kumshinda. Kisha huteremka, akawa hana hamu ya chakula wala ya watu, na hata kuinuka kwenda kutawadha humwia kazi kubwa. Baina ya hali hizo mbili huwa mtu kama wewe na mimi. Hupelekwa hospitali akapewa dawa, akameza wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nafuu haionekani. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Huyu husema dawa za hospitali haziyawezi maradhi haya. Yule husema imani ya mgonjwa ndiyo ndogo. Na mgonjwa mwenyewe, kwa kuchoka, huzitupa dawa.

Je, waliotutangulia walifanyaje dawa ilipoonekana haifai? Tuanze na Mtume wetu (S.A.W.). Wamepokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), kisa cha mtu aliyemwendea Mtume kumshitakia kuwa ndugu yake anaumwa na tumbo. Akaamrishwa amnyweshe asali. Akaenda, kisha akarudi akasema kuwa amemnywesha na maradhi yamezidi. Akaamrishwa amnyweshe tena. Ikawa hivyo mara baada ya mara, mpaka mwisho yule mgonjwa akapona.

Imamu Ibnul Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), alikisherehesha kisa hiki katika maelezo yake ya tiba ya Mtume. Akabainisha kwamba dawa haina budi iwe na kipimo kinacholingana na maradhi: ikipungua haiyaondoi, na ikizidi humdhoofisha mgonjwa na kumletea madhara mengine. Ndiyo maana asali ikakaririwa mpaka kipimo kikatimia.

Sisemi, ndugu msomaji, kwamba asali ni dawa ya baipola; la hasha. Ninalotaka ulitazame ni mwendo wa yule mtu. Hakuitupa dawa akanyamaza, wala hakujiongezea kwa rai yake. Alirudi kwa yule yule aliyempa, akamweleza hali ilivyo, akasikiliza. Na kule kurudi kwake mara kwa mara hakuna aliyekuhesabu kuwa ni upungufu wa imani.

Wanachuoni wetu waliyajua pia maradhi ya nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja. Aligawa huzuni mafungu mawili: huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni isiyo na sababu ya kujulikana, ambayo asili yake ni katika mwili na hutaka tiba ya mwili. Tena akausia kwamba mtu awekeze fikra njema wakati wa uzima, kama vile awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya siku ya dharura. Baada yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alieleza katika Al-Qanun jinsi ugonjwa wa huzuni, waliouita malinkholia, unavyoweza kugeuka ukawa wazimu wa ghadhabu na kurukaruka, waliouita mania.

Wala hawakuishia kuandika. Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo mwaka 683 Hijria (1284), yenye sehemu za maradhi mbalimbali na mahali pa wagonjwa wa akili, ikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Mjini Aleppo ilijengwa hospitali ya Arghun mwaka 755 Hijria (1354), yenye nyua na chemchemi, na wagonjwa wa akili wakawa na mahali pao humo. Watu hawa hawakuona kwamba kumtibu mwenye wazimu ni kukosa kutawakali. Walitoa wakfu majumba na mashamba yao kwa ajili ya kazi hiyo, wakitaraji thawabu.

Dawa zao, hata hivyo, ziliyatuliza maradhi haya tu, hazikuyazuia kurudi. Mwaka 1854 tabibu wa Kifaransa, Falret, aliyaeleza kuwa ni ugonjwa mmoja unaozunguka baina ya kupanda na kushuka, lakini dawa ya kuuzuia hakuwa nayo. Ilibidi kungojea karibu miaka mia nyingine.

Daktari John Cade wa Australia, aliyekaa zaidi ya miaka mitatu katika kifungo cha Wajapani huko Changi, Singapore, alirudi kwao baada ya vita akafanya kazi katika hospitali ndogo ya wagonjwa wa akili karibu na Melbourne. Huko alijaribu chumvi ya lithiamu. Mwezi wa Machi 1948 alianza kumpa mzee wa miaka 51, aliyekuwa katika wazimu wa kupanda kwa miaka mingi na ambaye watu walikwisha mkatia tamaa. Kufika Julai mzee yule alitoka hospitali akarejea kwenye kazi yake ya zamani. Mwaka 1949 Cade akatangaza habari hizo kwa madaktari wenziwe.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na hapa ndipo penye funzo. Mzee yule alipojiona mzima aliiacha dawa, na kabla ya mwaka kwisha maradhi yakamrudia. Akapewa tena, akapata nafuu. Na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu hiyo hiyo, kwani siku zile kiasi chake katika damu kilikuwa hakijaanza kupimwa kwa wagonjwa. Dawa ni moja: kuiacha kulimrudishia ugonjwa, na kuzidi kwake kulimwua. Je, si hilo alilolisema Ibnul Qayyim miaka 600 kabla yake?

Baadaye Mogens Schou wa Denmark na wenzake, mwaka 1954, waliipima dawa hiyo kwa utaratibu wa kulinganisha wagonjwa, na damu ikawa inapimwa. Schou naye alikuwa na ndugu yake aliyeteswa miaka mingi na huzuni ya kurudirudi, akaja kupata faraja kwa lithiamu. Marekani iliiruhusu mwaka 1970. Tangu hapo zimepatikana na nyingine, kama valproeti, lamotrijini na kwetiapini. Wako wanaofaidika sana na lithiamu, wako wanaofaidika kidogo, na wako wasiofaidika nayo wakapona kwa nyingine, au kwa mbili pamoja. Kwa hiyo dawa ya kwanza ikishindwa, mlango mmoja ndio uliofungwa, na milango ni mingi.

Basi wewe ambaye dawa haijakuonyesha nafuu, fanya kama alivyofanya yule mwenye ndugu. Rudi kwa tabibu umweleze kweli yote: siku ulizosahau kumeza, usingizi wako, miraa, bangi au ulevi kama upo, na dawa nyingine utumiazo, maana hata dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuipandisha lithiamu mwilini. Muulize dawa yako hutaka muda gani, kwani nyingine huhitaji wiki kadhaa, na faida ya kuzuia maradhi yasirudi huonekana baada ya miezi. Usiiache ghafla. Ukihara, ukitapika au ukipungukiwa na maji, jihadhari. Na kabla ya Ramadhani muulize tabibu, kwa kuwa kiu ya mchana kutwa huweza kuigeuza lithiamu ikawa sumu, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Nanyi jamaa zake, msimfunge kamba wala msimpige, na msimwambie kuwa hana imani. Msomeeni Kurani na kumwombea dua, na dawa yake mpeni. Viwili hivi havigombani. Akisema kuwa ametamani kufa, au akiwa halali siku kadhaa mfululizo, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa. Hakutuahidi kwamba ya kwanza kumezwa ndiyo itakayokuwa. Subira katika jambo hili ni kurudi kuuliza, na kurudi tena.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Amin.