Bangili ya shaba, mrututu wa kidonda: ngozi inaruhusu nini kupita?

Vaa bangili ya shaba nyekundu siku chache tu na mkono utapata alama ya kijani. Kuna watakaokwambia hiyo ni dawa inaanza kuingia. Kuna watakaokwambia uvue haraka, ni sumu. Wote wanaamini kitu kimoja: kwamba shaba inapita kwenye ngozi. Je, inapita kweli? Historia ya swali hili ina upande wa bangili na upande wa kidonda, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na ile kijani. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, na vitu hivyo huyeyusha shaba polepole. Shaba iliyoyeyuka huwa katika hali ya ayoni, kisha inaungana na vilivyomo kwenye jasho, mafuta ya ngozi na hewa. Hapo ndipo rangi inapotokea. Alama yenyewe haina madhara, ukioga kwa sabuni inatoka. Mzio wa shaba nao ni nadra. Mara nyingi anayewashwa na pambo la bei rahisi anasumbuliwa na nikeli iliyochanganywa humo.

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Australia, Walker na Keats, walichapisha utafiti kuhusu bangili za shaba na maumivu ya viungo. Baadhi ya wagonjwa walivaa bangili za shaba na wengine walivaa za alumini zilizotengenezwa zifanane nazo. Walisema shaba ilionekana kusaidia baadhi yao, na kwa kuwa bangili zilipungua uzito, wakapendekeza kwamba shaba iliyopotea ilipita kwenye ngozi. Wazo hilo lilipendwa sana. Lakini hebu fikiri: bangili ikipungua uzito, shaba inaweza kuwa imeishia kwenye mkono wa shati au kwenye maji ya kuogea.

Kizuizi ni tabaka la juu kabisa la ngozi. Ni seli zilizokufa, zimebanana kama vigae, na katikati yake kuna mafuta. Ayoni zenye chaji hazipendi njia hiyo. Mwaka 2006 Hostynek na Maibach wa California walipaka unga wa shaba kwenye ngozi ya watu waliojitolea, kisha wakabandua tabaka hilo kidogo kidogo kwa utepe wa gundi. Waliikuta shaba ndani ya tabaka lenyewe, si juu yake tu. Kwa hiyo kuna kinachopenya, ila kupenya kwenye vigae si sawa na kufika damuni kwa kiasi cha kutibu.

Je, bangili inatibu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitoa jibu lao mwaka 2013. Wagonjwa 70 wenye baridi yabisi ya kinga ya mwili walivaa kwa zamu bangili ya shaba na mikanda ya sumaku, pamoja na ile iliyopunguzwa au kuondolewa nguvu ya sumaku. Kila kifaa kilivaliwa wiki 5. Shaba haikuleta nafuu ya maana, si kwa maumivu wala kwa uvimbe.

Ungeweza kuishia hapo na kusema shaba na ngozi havina habari. Hapo ndipo kwenye hatari, maana yote hayo yanahusu ngozi nzima.

Mrututu tunaujua, yale mawe ya buluu. Ni salfeti ya shaba, na ni dawa ya zamani ya vidonda huku kwetu. Ulaya nako walikuwa wakiupaka ndani ya kope za wagonjwa wa trakoma. Unachoma na kukausha, kwa hiyo mtu huona kabisa kwamba "unafanya kazi". Mwaka 1966 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mtoto aliyeungua vibaya. Vidonda vyake vilikuwa vimewekwa salfeti ya shaba, naye akapata upungufu wa damu kwa sababu chembe zake nyekundu zilikuwa zinapasuka.

Mwaka uliofuata ikaja taarifa nyingine, ya waliochomwa na fosforasi nyeupe, silaha iliyotumika katika vita vya Vietnam. Kuwaosha kwa maji ya salfeti ya shaba lilikuwa jambo la kawaida, na lilikuwa na mantiki: shaba hufunika vipande vya fosforasi kwa utando mweusi, vikaonekana na kuacha kuwaka. Lakini kidonda cha moto hakina vigae tena. Shaba ilipita moja kwa moja hadi kwenye damu, na chembe nyekundu zikapasuka kwa wingi. Shaba ikizidi damuni huharibu himoglobini na utando wa chembe hizo, mkojo unakuwa mweusi, na figo zinaweza kushindwa kazi. Leo mkazo uko kwenye maji mengi na vitambaa vibichi, na salfeti ya shaba haipendekezwi tena.

Kwa hiyo ukiulizwa kama shaba inapita kwenye ngozi, kwanza uliza ngozi ipi. Bibi mwenye bangili mwache na bangili yake, mradi asiache dawa za hospitali. Mkulima wa kahawa anayepulizia dawa ya shaba huku mikono ina michubuko, mpe glavu. Na ukimwona mtu anasaga mrututu ili amwekee mtoto aliyeungua, mzuie. Mwagieni maji safi ya kawaida yasiyo ya barafu, mfunikeni kwa kitambaa safi, mkimbizeni kituo cha afya.